Saa Haidanganyi, Ila Haisemi Yote

Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Kwetu Kilembe, katika divisheni ya Bulembia, Manispaa ya Kasese, methali hii haikai vizuri. Mvua imetunyea, lakini hatuisifu. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, na kila ulipopita uliacha mawe makubwa mahali palipokuwa na nyumba. Naanza na methali hii kwa sababu insha yangu inahusu watu wanaosifu ugumu, nami nilikuwa mmoja wao. Ugumu tuliousifu haukuwa wa mto, ulikuwa wa mchezo wa kompyuta. Hata hivyo, siku moja ugumu ule wa kuchezea ulikutana na ugumu wa kweli ndani ya chumba kimoja, nami nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijaweza kulitetea.

Swali langu ni hili: mtu aliyefika kileleni kwa kusaidiwa, amefika? Na mwenzake anayejua kwamba alisaidiwa, ana haki gani ya kumtangaza?

Ilikuwa likizo ndefu baada ya mtihani wa kidato cha sita. Kaka wa rafiki yetu alikuwa amenunua kompyuta mpakato ya mtumba huko Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, na mwenye mali wa kwanza alikuwa ameacha magemu mawili ndani yake. Tulikuwa vijana sita, kompyuta moja, na betri isiyokaa hata saa nzima umeme ukikatika.

Gemu la kwanza lilikuwa Super Meat Boy, kazi ya Edmund McMillen na Tommy Refenes, lililotoka mwaka 2010. Mchezaji anaongoza kipande cha nyama chenye macho na miguu, kinachokimbia, kuruka na kung'ang'ania kuta katikati ya misumeno ya mviringo, kikimfuata mpenzi wake aliyetekwa. Hatua moja yaweza kumalizika kwa sekunde chache tu. Ukigusa msumeno umekufa. Ukifa unarudi mwanzo papo hapo, kabla hata hujapata nafasi ya kukasirika. Juu ya hayo kuna saa. Kila hatua imewekewa muda wake. Ukimaliza ndani ya muda huo unapewa alama ya A+, na alama hiyo ndiyo inayokufungulia sura ngumu zaidi ya hatua ile ile.

Kuna jambo moja katika gemu hili ambalo sikuwahi kuliona kwingine. Ukishafaulu hatua, unaonyeshwa majaribio yako yote kwa wakati mmoja. Kama ulikufa mara 40, unaona vipande 40 vya nyama vikitoka mbio kwa pamoja, vikipungua mmoja baada ya mwingine kila penye msumeno, mpaka kinabaki kimoja kinachofika. Tulikuwa tukicheka sana tukitazama hayo. Leo nadhani ni picha ya haki kuliko ile karatasi tuliyoibandika ukutani, kwa sababu karatasi yetu ilikuwa na jina na sekunde tu. Wale waliokufa njiani haikuwataja.

Maoni juu ya gemu hili yaligawanyika chumbani kwetu, na nimekuja kuona kwamba wachezaji wengi kwingineko hugawanyika hivyo hivyo.

Kundi la kwanza, ambalo nilikuwa msemaji wake, lilisema: saa haina shemeji. Shuleni mtoto wa mkubwa anaweza kusogezwa mbele, na kwenye kuomba kazi jina la ukoo linaweza kufungua mlango. Msumeno wa Super Meat Boy haujui wewe ni mtoto wa nani. Ukifa, umekosea wewe. Ukipata A+, umeipata wewe. Kwa kijana wa Kilembe, kupimwa bila upendeleo ni raha ambayo haipatikani kila siku. Sikuona kwamba nilikuwa nikisifu ugumu. Niliona nasifu haki.

Kundi la pili lilikuwa na mtu mmoja, rafiki yetu aliyekuwa akichota mchanga mtoni na kuwauzia wajenzi. Alicheza siku mbili, akaacha. Alisema: maisha yenyewe yana misumeno, kwa nini nijitafutie mingine? Tulimcheka, tukasema ameshindwa.

Kundi la tatu lilisema mchezo ni wa anayecheza. Atakaye saa na apambane na saa, asiyeitaka aache. Hili tulilidharau zaidi, maana lilionekana halina msimamo.

Hapa chuoni nimekutana na wazo la mwanafalsafa Bernard Suits, aliyeandika kitabu kiitwacho The Grasshopper mwaka 1978. Kwa maelezo yake, kucheza ni kukubali kwa hiari kupambana na vikwazo visivyo vya lazima. Tazama mpira wa miguu. Njia rahisi ya kuufikisha mpira golini ni kuukumbatia na kukimbia nao. Tunakataa njia hiyo, si kwa sababu haiwezekani, bali kwa sababu tumekubaliana kuikataa ili pawe na mchezo. Kwa hiyo kumuuliza mchezaji kwa nini anajitafutia misumeno ni sawa na kumuuliza golikipa kwa nini hafungi lango kwa mbao. Hilo lingemjibu rafiki yetu wa mchanga, lakini nusu tu. Neno lenye uzito katika maelezo ya Suits ni hiari, nami kwa muda mrefu nililisoma bila kulisikia.

Sasa nije kwenye gemu la pili. Linaitwa Celeste, limetengenezwa na Maddy Thorson na Noel Berry pamoja na wenzao, na lilitoka Januari 2018. Ndani yake msichana aitwaye Madeline anapanda mlima huku akisumbuliwa na hofu iliyo ndani yake mwenyewe. Kwa watoto waliokua chini ya Rwenzori, gemu la kupanda mlima lilikuwa kama habari ya nyumbani. Ugumu wake ni wa aina ile ile: ruka kwa wakati wake, ukikosea unarudi. Saa na idadi ya vifo vinahesabiwa, na duniani wako watu wanaoshindana kulimaliza kwa muda mfupi iwezekanavyo. Tofauti ni kwamba Celeste lina sehemu ya usaidizi. Mchezaji anaweza kupunguza kasi ya gemu zima, kujiongezea nguvu ya kung'ang'ania kuta, hata kujizuia asife kabisa. Watengenezaji walikuwa wameiita sehemu hiyo kwa jina la udanganyifu, kisha wakalibadilisha jina wakaiita usaidizi. Hawakubadilisha kazi yake, walibadilisha hukumu iliyokuwa ndani ya jina.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 15. Usiku ule wa Mei 2020, tulipokuwa tukikimbia maji gizani, alianguka juu ya bati lililong'oka, likamkata mkono wa kulia. Mkono ulipona, lakini vidole viwili havikukunjika tena sawasawa. Anaandika, analima, anafua. Ila kwenye kibodi, mishale minne inayomwongoza mchezaji iko upande wa mkono wa kulia, na vidole vyake vinachelewa. Katika Super Meat Boy hakuwahi kupata A+ hata moja. Alikuwa akikaa pembeni, akihesabu vifo vyetu.

Jioni moja alitujia akasema: "Nimefika kileleni." Alikuwa amemaliza mlima wa Celeste peke yake, katika siku ambazo sisi tulikuwa tukienda mjini. Rafiki yetu mmoja alifurahi, akachukua kalamu, akaandika jina lake kwenye karatasi ya ukutani, juu ya jina langu, kwa kuwa mimi nilikuwa bado katikati ya mlima. Mdogo wangu hakusema neno. Mimi nilivuta kompyuta, nikafungua gemu lake, nikawaonyesha wote kwamba kasi ilikuwa imeshushwa hadi asilimia 70. Nikasema kwa sauti: "Tazameni kilele chenyewe." Vijana walicheka. Nikachukua kalamu nikalikata jina lake. Alitoka nje, na likizo nzima hakuigusa tena ile kompyuta.

Kila nilichosema kilikuwa kweli. Kasi ilikuwa asilimia 70. Ndiyo maana jambo hili limenisumbua. Kama ningekuwa nimesema uongo, ningejua la kutubu.

Nimejaribu kulipima kwa mifano mitatu ya watu wanaojulikana.

Mfano wa kwanza ni wa udanganyifu hasa. Mmarekani Todd Rogers alihesabiwa kwa miaka mingi kuwa na rekodi ya sekunde 5.51 katika gemu la zamani la mbio za magari liitwalo Dragster, rekodi iliyohesabiwa tangu mwaka 1982. Baadaye programu ya gemu lenyewe ilipochunguzwa, ilionekana kwamba muda huo haupatikani. Mwaka 2018 Twin Galaxies, wanaotunza rekodi za magemu, waliifuta. Hapa kosa liko wazi. Palitolewa dai la muda, na dai hilo halikusimama.

Mfano wa pili ni wa Eliud Kipchoge wa Kenya. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alisindikizwa na wakimbiaji 41 waliopokezana, na gari lililotangulia lilimulika mwanga barabarani kumwonyesha mwendo. Kwa sababu hizo muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Rekodi yake ilibaki ile ya Berlin ya mwaka 2018, saa 2:01:39. Lakini sikumbuki kumsikia mtu Afrika Mashariki akisema Kipchoge ni mwongo. Alieleza tangu mwanzo atakimbia vipi, akakimbia hivyo. Dunia ikampigia makofi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikaacha daftari la rekodi kama lilivyokuwa. Mikono yote miwili ilifanya kazi ya haki.

Mfano wa tatu ni wa kwetu Uganda. Tarehe 14 Agosti 2020, mjini Monaco, Joshua Cheptegei alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36. Pembeni mwa njia kulikuwa na taa zilizowaka mfululizo kumwonyesha kasi ya rekodi. Huo nao ni msaada, lakini msaada huu unakubaliwa, na muda wake uliandikwa kuwa rekodi ya dunia. Kwa hiyo mpaka kati ya msaada halali na usio halali haukushuka kutoka mbinguni. Watu walikaa, wakakubaliana, wakauchora.

Mifano hii inanifundisha kutenganisha mambo mawili ambayo mimi niliyachanganya: tendo na dai. Mdogo wangu alifanya nini, na alidai nini? Nimeyarudia maneno yake mara nyingi kichwani. Alisema, "Nimefika kileleni." Hakutaja muda wala hakusema amenishinda. Aliyeliweka jina lake juu ya langu ni mwingine. Yeye alisema nimefika, nasi tukasikia nimewashinda, kwa kuwa tulikuwa tumezoea karatasi isiyojua kuandika jambo jingine ila ushindi.

Sitaki kumwosha zaidi ya ukweli. Alipoliona jina lake likiandikwa kwenye orodha ya walioshindana kwa kasi kamili, alipaswa kusema, na alinyamaza. Hilo lilikuwa kosa, kosa dogo la mtoto wa miaka 15 aliyeandikwa kwenye orodha kwa mara ya kwanza.

Je, alifika? Narudi kwa Suits. Mchezo ni vikwazo vilivyokubaliwa kwa hiari. Mimi nilipokaa mbele ya Celeste, kila kikwazo nilichokutana nacho nilikuwa nimekichagua. Mdogo wangu alikuwa na kikwazo kimoja cha ziada ambacho hakukichagua, na ambacho hakipo ndani ya gemu. Kilitoka mtoni. Alipopunguza kasi hakuukimbia mchezo. Aliondoa kile alicholazimishwa ili abaki na kile alichokubali. Pengine aliondoa kidogo mno, pengine alizidisha, na hakuna mzani wa kupima vidole viwili ni sawa na asilimia ngapi za kasi. Ndiyo maana siwezi kusema alinishinda, wala siwezi kusema nilimshinda. Saa iliyopima mbio zetu haikudanganya, ila haikuwa na la kusema juu yake.

Wenzangu wa kundi la kwanza watauliza: kama kila kufika ni kufika, ugumu una maana gani tena? Naliheshimu swali hili kwa sababu lilikuwa langu. Jibu langu ni kwamba A+ bado ni A+. Atakayetaka kuwa kwenye orodha ya sekunde na acheze kwa kanuni za orodha ya sekunde, awe na vidole vitano au vitatu. Anayepunguza kasi kisha akadai muda wa kasi kamili ni jamaa wa yule wa sekunde 5.51. Lakini orodha ya sekunde si orodha ya wote waliofika. Sisi wa Kilembe tulipaswa kulijua hilo kuliko wengi. Kila mwaka wageni hupita kwetu kuelekea vilele vya Rwenzori, na mizigo yao hubebwa na vijana wa Kikonzo waliovaa gambuti. Juni 1906, Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia na Duke wa Abruzzi, alifika kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, akiwa na waongozaji kutoka kwao na wapagazi wengi wa huku. Vitabu vinamtaja yeye kuwa wa kwanza. Hakuna aliyelikata jina lake kwa kuwa begi lake lilikuwa kwenye mgongo wa mtu mwingine. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wakubwa wanaruhusiwa kutumia vidole vya wengine bila kuulizwa. Msaada wa mwenye nguvu tunauita safari. Msaada wa mnyonge tukauita udanganyifu.

Limebaki lile la pili, haki yangu ya kumtangaza. Zamani ningejibu kwamba ukweli hauhitaji ruhusa. Sasa najiuliza swali jingine: ningepoteza nini kama ningemwita kando nimuulize kwanza? Orodha ingesahihishwa vile vile. Kitu pekee ambacho kingekosekana ni kile kicheko. Basi kicheko ndicho nilichokuwa nikikitafuta, na ukweli niliutumia kama jiwe la kurushia. Sikuitetea haki ya saa. Nilitetea nafasi yangu kwenye karatasi.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani na lile gemu. Usiku, watu walipolala, nilijifunga kitambaa vidole viwili vya mkono wa kulia nikajaribu kucheza kwa kasi kamili. Sikutoka hata sura ya kwanza. Nikashusha kasi hadi asilimia 70, nikaendelea, lakini kwa kufa mara nyingi kuliko nilivyowahi kufa nikiwa na vidole vyote. Najua kitambaa hufunguliwa asubuhi, na kidole cha mdogo wangu hakifunguliwi. Sikudhani nimeyaonja yake. Nilichokiona ni kwamba alipofika kileleni alikuwa amekufa mara nyingi sana njiani, na mimi sikuwahi kumuuliza ni mara ngapi.

Asubuhi nilimuuliza. Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamuuliza. Alisema alikufa mara elfu mbili na kitu, alikuwa anaikumbuka hata tarakimu ya mwisho. Nikamwambia nitawaita wale rafiki zetu, niwaambie nilikosea, na jina lake tuliandike upya. Alitikisa kichwa.

"Waambie ulikosea," alisema. "Lakini kwenye karatasi yenu ya mbio usiniandike, kaka. Mimi sikukimbia. Nilipanda."